Mbelewele za Februari

Mkulima wa Iowa au Illinois kule Marekani akikwambia mwaka wake unaamuliwa Julai, jua anazungumzia mahindi. Akitaja Agosti, anazungumzia soya. Hiyo ndiyo miezi ya katikati ya kiangazi chao: jua limepanda, siku ni ndefu, mahindi yanatoa mbelewele, na mvua ya wiki mbili tu ndiyo inayoamua kama ghala litajaa au mwenye shamba atabaki na deni la benki. Kwetu Kamsamba kalenda imegeuka. Julai ni mwezi wa vumbi na ubaridi wa alfajiri, mabua yamekwishalala na ng'ombe wameshaachiwa mashamba. Jua la utosini na mvua huja pamoja kwetu, kuanzia Desemba, na wiki za hukumu ni zile za mwisho wa Januari hadi Februari inapokwisha.

Kwa asiyepafahamu: ukiwa Tunduma, penye malori na mpaka wa Zambia, uko juu, kwenye nyanda zenye ukungu na kahawa ya Mbozi, mahali ambapo mwezi Juni mtu haachi sweta. Kamsamba iko chini, kwenye Bonde la Ziwa Rukwa. Ziwa lenyewe liko kama mita 800 kutoka usawa wa bahari, na njia ya kuteremkia huko inakuvua nguo moja moja. Mto Momba unatoka juu huko mpakani, unapita Kamsamba na kumwaga maji ziwani. Wenyeji ni Wawanda, pamoja na Wanyamwanga na Wafipa, kisha Wasukuma walioingia na makundi yao ya ng'ombe. Nilipokuwa mtoto kote huko tuliita Mbozi, mkoa wa Mbeya. Momba ikawa wilaya mwaka 2012, na mwaka 2016 tukawa Mkoa wa Songwe.

Mimi ni wa bondeni. Nimeishi kwingine kwa miaka mingi, lakini kila msimu nauliza swali lilelile kwa simu: Februari imekujaje huko? Na kila mwaka jibu linanipa majonzi zaidi kidogo kuliko mwaka uliotangulia, hata pale mavuno yanapokuwa si mabaya, kwa sababu Februari niliyoijua mimi haipo tena.

Mvua ya bondeni ni msimu mmoja, si vuli na masika kama Pwani au Moshi. Nilipokuwa mtoto iliingia kwa kubisha hodi. Ya kwanza, mwezi Novemba, ilikuwa ya kuoshea vumbi. Ya pili ilikuwa ya kulainisha udongo. Ya tatu ndiyo ya mbegu, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuidanganya hesabu hiyo kwa kupandia ya kwanza. Krismasi ilitukuta kwenye palizi ya kwanza. Januari mvua ilikuwa na saa zake: asubuhi jua kali, mchana mawingu yanapanda kutoka upande wa ziwa, alasiri inamwaga, magharibi watu wanatoka nje kuokota kumbikumbi. Halafu kila mwaka ilikuja nafasi ya kupumua, siku chache kavu, ambazo tulizihitaji kwa palizi ya pili, kwa sababu huwezi kupalilia kwenye tope; unaling'oa gugu asubuhi, jioni limeshika tena mizizi. Nafasi hiyo ilipokwisha mvua ilirudi, na ikirudi ilikuta mahindi yanaanza kuchungulia mbelewele. Machi tukala mahindi mabichi ya kuchemsha kwa chumvi ya Ivuna. Aprili mvua ikaaga.

Sisemi kwamba kila mwaka ulikuwa hivyo. Bonde letu halijawahi kuwa pole kiasi hicho. Mabwawa ya nyasi ya Rukwa yanajulikana duniani kuwa moja ya mazalio makuu ya nzige wekundu. Baa lao la kati ya mwaka 1930 na 1944 lilikula Afrika ya kusini na kati nzima, na mwaka 1949 ikaundwa huduma ya kimataifa ya kuwadhibiti, makao yake Abercorn, mji ambao leo ni Mbala ng'ambo ya mpaka. Babu zetu waliyaona hayo, na walituambia. Ukame pia waliuona. Ninachosema ni kwamba msimu ulikuwa na mifupa. Hata ulipokuwa mbaya, ulikuwa mbaya kwa mpangilio ambao mtu aliufahamu na kuupangia.

Na walioupangia ndio ninaotaka kuwakumbuka hapa, maana tumeanza kuwasimulia kana kwamba walikuwa watu wasiojua kilimo.

Bibi mzaa mama alikuwa na shamba ambalo afisa ugani wa leo akiliona atatikisa kichwa. Mahindi yamesimama kwa mistari isiyonyooka, katikati yake mtama, chini kunde na maboga yanatambaa mpaka kwenye njia. Upande wa juu, penye kichanga, uwele kidogo. Upande wa chini, penye mbuga inayotuamisha maji, mpunga. Zaidi ya hapo, mahindi yenyewe hakuyapanda yote siku moja. Kipande kimoja kilitangulia, kingine kikafuata wiki mbili baadaye, na mara nyingine cha tatu, kidogo, cha mbegu ya kienyeji yenye punje za njano na nyekundu, fupi, inayokomaa upesi. Nilipomuuliza sababu, alinijibu akiwa ameinama, bila kusimamisha jembe: "Haya yakikosa, yale yatapata." Wakati huo niliona ni maneno ya mtu asiyetaka kusumbuliwa. Sasa nayasoma kama mpango kamili wa kukabili hali ya hewa, uliofanywa na mtu asiyemiliki hata redio.

Maana shida ya mahindi iko wazi. Mbelewele juu ya mmea ni dume. Ndevu zinazotoka kwenye gunzi ni jike. Kila unywele mmoja wa ndevu umeungana na punje moja, na punje hiyo haizaliwi mpaka unga wa mbelewele udondokee unywele wake. Shamba lililopandwa siku moja humwaga unga wake kwa kama wiki moja tu, hasa asubuhi. Katika siku hizo mmea unakunywa maji kuliko wakati wowote wa maisha yake. Kwenye joto kama letu ni milimita 6 hadi 8 kwa siku. Jua likipiga bila mvua, mbelewele zinatoka kwa wakati wake, lakini ndevu zinachelewa. Unga unamwagika hewani, unapotea. Ndevu zinapojitokeza, hakuna tena wa kuzipa uhai. Baadaye mvua inaweza kurudi ikanyesha mpaka Momba ikafurika, majani yakawa mabichi ya kupendeza kwa anayepita barabarani, lakini gunzi limeshakuwa lilivyo.

Mtama si hivyo. Mtama ukikosa maji unakunja majani, unasimama, unangoja. Mvua ikirudi unaendelea na safari. Na mwenye kupanda mahindi kwa awamu tatu alikuwa na wiki tatu za mbelewele badala ya moja. Nafasi kavu ya Februari ilikula kipande kimoja, ikakosa viwili.

Basi kwa nini tuliacha? Jibu rahisi ni kusema vijana wamepotoka. Si kweli, na ni dhuluma kwao. Mambo yalikuja moja baada ya jingine, na karibu kila moja lilikuwa na kheri yake. Mwaka 1974 na 1975, baada ya ukame, nchi iliitwa kwenye Kilimo cha Kufa na Kupona, na katika miaka hiyo bei ya mahindi ikawa moja nchi nzima: Shirika la Usagishaji la Taifa lilimlipa mkulima wa mbali, wa kwenye barabara ya tope, sawa na wa jirani na mji. Mbeya, Iringa, Rukwa na Ruvuma zikawa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Mbolea ilishuka bei, mbegu chotara zikafika. Zao lenye mnunuzi wa uhakika lilikula shamba la zao lisilo na mnunuzi. Mtama haukushindwa na ukame. Ulishindwa na mzani.

Tena mtama una ndege. Kwelea kwelea hutua kama wingu, na mtu asipokaa shambani tangu alfajiri mpaka jua linazama, hapati kitu. Kuamia ndege ilikuwa kazi yetu watoto. Nakumbuka dungu la mjomba, miti minne na kichanja cha mabua, kamba zilizofungwa makopo zikipita juu ya shamba lote, nasi tunavuta na kupiga kelele mpaka sauti zinakauka. Mwalimu akihesabu majina darasani mwezi Aprili alikuta nusu hawapo. Ada ya shule ya msingi ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto walikwenda shule, na dungu likabaki tupu. Siwezi kuwalilia watoto kwenda shule. Lakini nani mwingine angeamia ndege? Mtama ukapungua mwaka hadi mwaka, mpaka ikawa ukiutaka wa togwa unaununua.

Kisha plau na maksai za ndugu zetu Wasukuma. Zilituonyesha kwamba eka nyingi zinaweza kulimwa kwa siku chache, na kweli zilimwokoa mwanamke na jembe la mkono. Lakini eka zinazolimwa kwa siku chache hupandwa pia kwa siku chache, na mahindi yaliyopandwa kwa siku chache yanatoa mbelewele pamoja. Misitu ya miombo na migunga iliyokuwa ikitenganisha vijiji ikafyekwa kwa mashamba na mkaa. Mpunga ukapanuka, ufuta ukaja na kuleta fedha ambayo bonde halikuwahi kuishika. Na baada ya daraja la Momba kujengwa, kuvuka kwenda Kilyamatundu hakuhitaji tena mtumbwi wala kungoja maji yapungue. Mzigo unatoka, mnunuzi anaingia. Kila mmoja wetu aliyesubiri ukingoni pale na mgonjwa anajua thamani ya daraja hilo.

Hivyo hakuna ninayemlaumu. Ila yote hayo yalitusukuma upande mmoja: zao moja, mbegu moja, siku moja. Na hali ya hewa ikachagua wakati huohuo kulegeza mifupa yake.

Nilikwenda kwa mjomba mwezi wa Machi, msimu mmoja wa karibuni. Mashamba yalikuwa ya kijani kutoka barabarani mpaka chini ya milima. Nikafika nikitabasamu.

"Shikamoo mjomba. Mwaka huu naona mambo ni mazuri."

"Marahaba. Njoo uone vizuri."

Akaingia shambani hatua chache, akavunja gunzi, akalimenya. Upande mmoja punje zilikuwa zimepangana, nene, nyeupe. Ukiligeuza, hakuna kitu; kibunzi kitupu na punje tatu au nne zilizotawanyika, zimevimba kwa kukosa jirani. Ncha yake ilikuwa imekauka. Akavunja la pili, likawa na punje kwenye kitako tu. La tatu akanipa nimenye mwenyewe, na ndani yake hamkuwa na punje hata moja. Ndevu zilikuwa bado laini, rangi ya kijani iliyopauka, zikingoja. Ndevu zikishapata unga hukauka na kuwa nyeusi. Hizi hazikupata.

"Jua liliwaka siku ngapi?" nikamuuliza.

"Si siku. Lilitoka mwezi ulipoandama, mpaka ukazama wote. Mbelewele zote zilimwaga kwenye jua hilo. Ndevu zimekuja juzi, baada ya mvua."

Kisha akasema neno ambalo limebaki nami kuliko mengine yote ya siku ile: kwamba zamani angekuwa na shamba la pili.

Wanasayansi wana namna yao ya kueleza aliyoyaona mjomba. Mvua zetu zinaletwa na ukanda mvua unaohama na jua. Ukishuka kusini Desemba unatukuta. Januari na Februari unakuwa umekaa zaidi juu ya Zambia, Malawi na Msumbiji, huku upepo wenye unyevunyevu kutoka misitu ya Kongo ukiwa ndio tegemeo letu. Ukanda huo ukisita upande mmoja, au vimbunga vya Bahari ya Hindi vikavuta upepo kuelekea kwingine, sisi tunabaki na mbingu nyeupe. Miaka ya El Niño kwa kawaida kaskazini mwa Tanzania na Kenya hupata mvua ya kupita kiasi, na kusini mwa Afrika hupata ukame. Sisi wa Songwe tumekaa mpakani mwa mambo hayo mawili, na hatujui mwaka huu tutahesabiwa upande gani.

Msimu wa 2023/24 ulionyesha jambo hilo kwa ukatili. Hatua chache kutoka Tunduma, ng'ambo ya pili, Zambia iliungua Februari nzima. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Kati ya hekta kama milioni 2.2 zilizopandwa mahindi, milioni moja ziliharibika. Malawi ikafuata mwezi Machi, Zimbabwe Aprili. Upande wetu, kwingi mvua ilizidi badala ya kupungua. Mwaka huohuo serikali ikakubaliana kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi, na wanunuzi wakawa wanasaka magunia mpaka ndani vijijini. Watu wetu waliuza. Nani angekataa bei? Lakini mimi niliyaangalia malori yale Tunduma nikiwa na fundo kooni, kwa sababu Nakonde ya upande wa Zambia na Tunduma ni udongo mmoja na ukoo mmoja, Wanyamwanga wako pande zote mbili, na Februari iliyowachoma wale ingeweza kabisa kutuchoma sisi.

Joto nalo ni jambo la peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliopitia majaribio zaidi ya 20,000 ya mahindi barani Afrika, ulikuta kwamba kila siku inayopita nyuzi 30 za Selsiasi kwa nyuzi moja hupunguza mavuno kwa asilimia 1 hata mvua ikiwa nzuri, na asilimia 1.7 wakati wa ukame. Kwa mtu wa Mbozi hiyo ni habari ya kesho. Kwa mtu wa Kamsamba nyuzi 30 ni saa tano za asubuhi. Sisi tayari tuko ukutani. Hatuna pa kurudi nyuma kama wenzetu wa milimani.

Na mwaka 2017 wakaingia nchini viwavijeshi vamizi, mwaka mmoja tu baada ya kuonekana Afrika kwa mara ya kwanza. Hawa wanapenda ukame wa katikati ya msimu. Mvua kubwa huwaosha na kuwazamisha wakiwa wachanga kwenye koo la mmea. Jua likikaa, wanakaa pia. Zamani nafasi kavu ya Februari ilikuwa ya palizi. Sasa ni ya kuzunguka shambani alfajiri na bomba la dawa mgongoni, na dawa yenyewe inadai fedha ambayo ilikuwa ya daftari na sare.

Huko juu, Mbozi, wameanza kupata njia nyingine. Mpwa wangu amekodi shamba si mbali na Mlowo, anapanda na soya. Nilimtembelea mmea ukiwa umefika gotini na maua madogo ya zambarau yamejificha chini ya majani. Aling'oa shina moja, akakung'uta udongo, akanionyesha vinundu kwenye mizizi, vya ukubwa wa punje ya uwele. Akakipasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama mbichi.

"Hiki kinafanya kazi, mjomba. Kikiwa cheupe ndani au cha kijani, hakuna kitu."

Ndani ya vinundu hivyo mna vijidudu vinavyokamata naitrojeni ya hewani na kumlisha mmea, hivyo mfuko wa urea haununuliwi. Kule Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilishatengeneza vijidudu hivyo vya kupakia mbegu, vikaitwa Nitrosua. Watafiti wa kilimo wa Uyole wametoa mbegu zao za soya zinazofaa nyanda hizi. Lakini kilichonivutia zaidi ni maua. Soya haitoi maua yake kwa wiki moja ikamaliza. Inachanua kwa wiki tatu, nne, hata zaidi. Mengi yanadondoka, na ni kawaida yake kudondosha zaidi ya nusu. Jua likichoma maua ya wiki hii, ya wiki ijayo yapo. Udhaifu wake uko baadaye, maganda yanapojaza punje. Hapo ikikosa maji utavuna mbegu ndogo zilizosinyaa. Lakini ile hukumu ya siku saba, ya mahindi, soya haina. Nikasimama pale nikimfikiria bibi. Yale aliyoyafanya kwa mashamba matatu, mmea huu unayafanya kwenye shina moja.

Soko nalo lipo. China ilifungua mlango kwa soya ya Tanzania mwaka 2020, na siku hizi soya na ufuta vinauzwa kwa stakabadhi ghalani, mnada ukisomwa mbele za watu. Sitaki kumwambia mtu wa Kamsamba apande soya kesho. Joto letu ni jingine, udongo wa mbuga unatuamisha maji ambayo soya haiyataki, na ufuta umeshachukua nafasi yake kwetu. Ila kuna kitu cha kujifunza: aliyegawa hatari yake kwa mazao mawili Mlowo analala usingizi ambao mjomba wangu wa mahindi matupu haupati.

Kuna jambo moja dogo la utotoni ambalo nalikumbuka kwa uchungu wa pekee. Shule yetu ilikuwa na kipima mvua. Kopo la shaba lililozibwa kwa faneli, limewekwa kwenye uwanja wazi mbali na miembe, limezungushiwa senyenge ili mbuzi wasilisukume. Kila asubuhi mwanafunzi wa zamu alimwaga maji kwenye gilasi yenye mistari, akasoma milimita, akaandika ubaoni kwa chaki pembeni ya tarehe. Wazazi waliokuja shuleni kwa shida zao walipita kwanza kwenye ubao. Walilinganisha mwaka huu na mwaka jana, wakabishana, wakaondoka wameamua jambo. Daftari la namba zile sikumbuki kuliona baada ya mwalimu yule kuhama. Senyenge ilichukuliwa. Sasa tuna simu mikononi, na Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa mwelekeo wa msimu wa Novemba hadi Aprili kabla haujaanza, na taarifa za kila siku kumi kwa wakulima. Ni kazi njema, na miaka ile hatukuwa na chochote kama hicho. Lakini mwelekeo unaosema Songwe itapata wastani hadi juu ya wastani unamweka mtu wa Tunduma na mtu wa Kamsamba kwenye sentensi moja, na kati yao kuna mlima mzima. Wala neno wastani halimwambii mjomba kitu anachokihitaji kuliko vyote, yaani lini. Mvua ya msimu mzima inaweza kutimia kwenye hesabu, milimita zote zimelipwa, na bado gunzi likawa na upande mmoja, kwa sababu zilikosekana wiki mbili ambazo hazikopesheki.

Ndiyo maana siridhiki na wanaosema mvua zimepungua, wakaishia hapo. Kwa macho yangu, kilichotuponyoka ni ule mpangilio, pamoja na kilimo kilichoufahamu. La kwanza halitarudi kwa sisi kulitaka. La pili liko mikononi mwetu.

Kwa hiyo nina maombi, na ninayatoa kwa watu ninaowaheshimu. Kwa walimu wa shule zote za bondeni, Kamsamba, Ivuna, Mpapa, Mkulwe: rudisheni kipima mvua uwanjani na ubao wa namba. Kwa maafisa ugani wa Momba: mbegu mnazotuletea ziwe na za muda mfupi na za muda wa kati pamoja, na mtushauri kuzipanda kwa awamu, taarifa ile ya siku kumi isomwe kwa sauti mnadani na misikitini na makanisani wiki za Januari na Februari, mahindi yakiwa bado yanasikia. Kwa ndugu zangu wenye mashamba: eka nne za mahindi zikiwa tatu, na ya nne ikawa mtama, familia hailali njaa mwaka wa mbelewele kukauka. Ndege tutawaamia kwa zamu, watu wazima, watoto wakiwa darasani. Na kwa yeyote ambaye nyumbani kwao bado limefichwa darini shuke la mtama wa zamani au gunzi la mahindi yale mafupi ya njano na nyekundu: usilisage. Ligawe kwa majirani kabla Novemba haijaingia.